Riwaya ya pili, wakati ya kwanza ingali inatafuta mchapishaji

Kumaliza kuandika riwaya, ama roman kama wengi wanavyosema Bukavu na Lubumbashi, si kumaliza kazi. Maandishi yakishatumwa kwenye nyumba ya uchapishaji, jibu linaweza kukawia miezi mingi. Mara zingine halifiki kabisa. Ni katika kungoja huko ndiko watu wengi wanaachaga kalamu. Wengine wanafungua kaye mpya.

Mfano wa Ngũgĩ wa Thiong'o

Mkenya huyu, aliyeitwa wakati ule James Ngugi, alikuwa mwanafunzi wa Makerere, Kampala. Riwaya aliyoandika kwanza ni ile iliyokuja kuitwa The River Between, juu ya vijiji viwili vinavyotenganishwa na mto. Aliipeleka katika mashindano ya uandishi, kisha akaandika nyingine, Weep Not, Child, juu ya kijana anayetaka kusoma wakati wa vita vya Mau Mau.

Mwezi wa 6 mwaka 1962, waandishi wa Afrika walikutana palepale Makerere, na Ngũgĩ akamuonyesha Chinua Achebe maandishi ya Weep Not, Child. Ilitoka 1964 kwa Heinemann. The River Between ikafuata 1965. Ndiyo kusema, cha pili ndicho kilikifungulia cha kwanza mlango.

Hadithi isiyotegemea nyingine

Vitabu hivyo viwili havikufuatana kama sehemu ya kwanza na ya pili. Hapo ndipo penye faida. Mtu akiandika mwendelezo wa kitabu ambacho hakijakubaliwa, kikikataliwa, vyote viwili vinabaki mezani. Hadithi inayosimama yenyewe inaweza kutumwa peke yake.

Faida nyingine: ukirudia maandishi ya kwanza kisha miezi kadhaa kwenye kazi nyingine, makosa yanaonekana vizuri zaidi.

Kabla ya kutia sahihi

Mikataba ya Kifaransa inaweza kuwa na kipengele kinachoitwa pacte de préférence: muandishi anaahidi kuonyesha vitabu vyake vijavyo kwa mchapishaji huyo kwanza. Mwenye riwaya ya pili tayari asome vizuri hapo. Tena, kuchapisha à compte d'auteur maana yake muandishi mwenyewe ndiye analipa gharama; à compte d'éditeur, ni nyumba ndiyo inalipa.

Kwa Wakongo

Njia ya Wakongo wengi imepitia Paris. V.Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, alichapisha Entre les eaux 1973 na Le bel immonde 1976 kwa Présence Africaine. Fiston Mwanza Mujila wa Lubumbashi alitoa Tram 83 mwaka 2014 kwa Métailié. Kwa anayeandikia hapa nyumbani, umeme ukikatika kila siku, jambo la kwanza ni dogo: kuweka kopi ya kila maandishi mahali pawili, kisha kuendelea kuandika.