Vipele vya ndevu vina historia yake

Kijana mmoja wa kundi langu hapa Diaca aliacha kuja mpirani. Kidevu chake kilijaa vipele, wenzake wakasema ana ugonjwa wa kuambukiza. Yeye akazidi kunyoa, asubuhi na jioni, ili viishe. Vikazidi.

Kwa nini ananyoa sana, sote tunajua. Tangu Mocímboa da Praia iliposhambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, ndevu kwa kijana zimekuwa kesi. Ukifika kwenye kizuizi nazo, maswali yanakuwa mengi. Mama zetu wenyewe wanatuambia: mwanangu, nyoa kwanza ndiyo utoke.

Lakini wapo waliopitia haya kabla yetu. Wembe mwembamba wa kutupa ulitoka kwa Mmarekani King C. Gillette, aliyepewa hataza mwaka 1904. Jina lake ndilo Kireno kimelifanya jina la wembe: gilete. Vita Kuu ya Kwanza ilipoleta gesi ya sumu, askari alitakiwa awe na kidevu kitupu ili barakoa ikamate vizuri usoni, na jeshi la Marekani likagawa nyembe kwa mamilioni. Vita ikaisha, kunyoa kukabaki amri, na walioumia zaidi ni askari weusi. Mwaka 1956 madaktari Strauss na Kligman waliupa ugonjwa huu jina la kitaalamu, na ndani ya jina hilo mna neno "uongo": unafanana na uambukizo wa vinyweleo, kumbe sio.

Sababu ni nywele zetu za kipilipili. Zinaota zimepinda. Ukizikata chini kabisa, ncha inabaki kali, ikikua inajikunja na kuchoma ngozi, inarudi ndani. Mwili unaiona kama mwiba, unavimba. Ukivuta ngozi wakati wa kunyoa ni mbaya zaidi, na zile nyembe mbili zilizopangwa pamoja, zilizoanza kuuzwa 1971, ndiyo usiseme: wa kwanza unavuta nywele, wa pili unakata, kipande kinazama chini ya ngozi.

Kwa hiyo vipele haviambukizi. Wembe wa kuazimana ndio unaambukiza, maana damu yake inabeba ukimwi na homa ya ini.

Dawa ni kupumzisha ndevu kama mwezi mmoja, halafu kutumia mashine ya kinyozi na kuacha walau milimita moja. Ndugu zetu wa mashirika, mnapogawa nyembe, fikirieni na mashine moja kwa vijana wote.

Yule kijana ana wiki tatu hajagusa wembe. Vipele vinashuka. Ila safari yake ya Mueda ameiahirisha, kwa sababu ya zile ndevu.