Simba Amelala

Kabla ya 2013, mtu wa Changamwe hakuhitaji kumuuliza yeyote kama kiwanda cha kusafisha mafuta kinaenda. Alitoka nje akaangalia juu. Ule moto kwenye ncha ya bomba ukiwaka, ndani kuna kazi. Wahandisi walikuwa na chumba chao chenye vipimo vya joto na presha, mambo ambayo sisi wa nje tusingeyaelewa hata tungeonyeshwa. Lakini habari moja, ile kubwa, ilikuwa ya mtaa mzima: kinaenda ama kimesimama. Kilianza kazi 1963, kikaacha kusafisha mafuta 2013, na siku hizi ukiangalia juu utaona mawingu tu.

Ukishuka kutoka hapo kuelekea Kipevu na Port Reitz, kuna kazi nyingine isiyotoa moto wala moshi. Ni kazi ya kompyuta za bandari na forodha. Hii ukitaka kujua kama inaenda, angalia barabara. Malori yakiwa yamepangana bila kusogea, madereva wameshuka wanakunywa chai ya rangi saa ambayo wangekuwa washapita Mariakani, basi jibu unalijua kabla ya kuuliza. Sistimu iko chini.

Hiyo sentensi nimeisikia tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza chini ni wapi. Nani alikuwa wa kwanza kuchungulia ndani ya kompyuta akaona kitu kimeanguka? Na inakuwaje mtu wa ndani anaangalia kioo chake na kusema kila kitu kinafanya kazi, wa nje kwenye foleni anasema hakuna kinachofanya kazi, na hakuna anayedanganya?

Mwanzoni watu hawakuchungulia, walisikiliza. Ferranti Mark 1, kompyuta iliyopelekwa Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 1951, ilikuwa na spika, na waliokuwa wakiitumia walizoea kuitegea sikio. Programu ikienda vizuri ina mlio wake, ikikwama mlio unabadilika. Ni kama fundi wa Magongo anavyokwambia shida ya Isuzu kabla hujafungua boneti. Iliwezekana kwa sababu mashine ilikuwa inafanya kazi moja kwa wakati mmoja. Ukimaliza wewe, anaingia mwingine.

Mambo yalibadilika 1961, Fernando Corbató na wenzake pale MIT, Marekani, walipoonyesha mfumo uliowezesha watu kadhaa kutumia kompyuta moja kwa pamoja. Ujanja wake anaujua mama yeyote wa viazi karai pale Likoni. Karai ni moja, mikono miwili, wateja kumi. Anageuza vya huyu, anampa yule chenji, anamimina ukwaju, anarudi kwa wa kwanza kabla hajaanza kulalamika. Kila mteja anahisi anahudumiwa yeye. Kompyuta inafanya vivyo hivyo, ila kwa kasi ambayo jicho halioni: kazi hii inapewa kipande kidogo cha muda, inanyang'anywa, inapewa nyingine. Na kama foleni ya feri inavyofungulia ambulensi, kuna kazi zinazopitishwa mbele ya nyingine.

Sasa hapo ndipo sikio lilipofika mwisho wake. Kazi kumi zikizungushwa kwa zamu, utasikiliza ipi?

Na kuna kitu kingine kilichoingia humo ndani. Mwaka 1963, ule ule ambao kiwanda cha Changamwe kilianza, pale MIT palikuwa na mradi ulioitwa Project MAC. Watu wake walikuwa na programu ndogo ndogo zilizofanya kazi chinichini bila kuitwa na mtu, hazina kioo, hazina mwenye kukaa nazo. Wakaziita daemon. Jina walilitoa kwa mwanafizikia wa Scotland, James Clerk Maxwell, ambaye katika karne ya 19 aliwaza kiumbe kidogo kinachokaa mlangoni kikipanga chembe za hewa, za kasi huku, za polepole kule, bila kuchoka. Kwa Wagiriki wa kale neno hilo halikuwa na ubaya wenyewe. Lilimaanisha kitu kisichoonekana kilicho kati ya watu na miungu.

Wenzetu wa kwingine wanahitaji aya tatu kuelezwa hilo. Mtu wa Kisauni ukimwambia ni pepo, maelezo yameisha. Sisi tunajua kuna pepo wema na wabaya. Tunajua pepo ana kiti chake, yaani yule mtu aliyemkalia, na kwamba katika ngoma ya kupunga mganga hakurupuki kumfukuza. Kwanza anamuuliza: wewe nani? Umetoka wapi? Unataka nini?

Kumbe hayo ndiyo maswali ya amri iitwayo ps. Unix ilizaliwa 1969 katika maabara ya Bell, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 tayari ilikuwa na amri hiyo ya herufi mbili. Unaiandika, na wasioonekana wanajitokeza kwa orodha: huyu ana namba hii, ametumia muda huu, yuko macho ama amelala. Kila mmoja ana mzazi aliyemzaa. Mzazi akifa kwanza, mtoto anakuwa yatima na kwa kawaida anachukuliwa na namba 1, baba wa wote, anayeamka kompyuta inapowashwa. Wapo pia waliokwisha kufa lakini bado wako kwenye orodha, kwa sababu mzazi wao hajaja kupokea taarifa ya kifo. Hao huitwa zombi. Ni maiti iliyokwama mochari ikingoja wa kutia sahihi.

Pamoja na ps kuna kill. Jina linatisha, lakini amri yenyewe inatuma ujumbe tu. Ujumbe namba 15 unamwomba pepo amalize alichoshika aondoke kwa heshima. Namba 9 haiombi.

Shida ya ps ni kwamba ni picha moja. Ukishaiona, mambo yamebadilika. Mwaka 1984 William LeFebvre, akiwa Chuo Kikuu cha Rice, Texas, aliandika top, ambayo ni kama video: orodha inajipanga upya kila baada ya sekunde chache, na anayekula zaidi anakaa juu. Mimi top niliikutia saiba moja Kisauni, si chuoni, kwenye kompyuta kuukuu iliyotiwa Linux kwa sababu Windows ilikuwa imeshindana na virusi ikashindwa. Nilikaa nikiiangalia kama mtu anayeangalia samaki ndani ya tangi.

Wengi wetu lakini tulianza na Windows, na kile kidirisha cha Task Manager kilichokuja na Windows NT 4.0 mwaka 1996. Saiba za bara zilikuwa na programu ya kuhesabu dakika: shilingi zako zikiisha, kioo kinafungwa. Vijana walijua dawa. Unafungua Task Manager, unaitafuta programu ya saa katika orodha, unaiua, unaendelea bure. Wenye saiba walipogundua hawakuiboresha programu. Waliifunga Task Manager. Walielewa, bila kufundishwa na mtu, kwamba anayeona orodha ndiye mwenye mashine.

Sasa turudi Kilindini.

Mwaka 2005 mamlaka ya ushuru, KRA, ilileta mfumo wa forodha ulioitwa Simba. Jina watu walidhani ni ubabe tu wa serikali. Ukweli ni kwamba mfumo ulitoka Senegal, ambako unaitwa Gaïndé, na kwa Kiwolofu neno hilo ni simba. Yaani simba wa Dakar alihamia Mombasa na akatafsiriwa jina. Mwaka 2008 mamlaka ya bandari, KPA, nayo ikaleta wake wa kusimamia makontena, KWATOS, na hawa wawili ikabidi wazungumze.

Wakala akituma entri yake, hashughulikiwi na kitu kimoja. Kuna pepo wa kupokea, wa kukagua namba, wa kupiga hesabu ya ushuru, wa kuongea na benki, wa kuwaambia watu wa bandari kontena liachiliwe. Mmoja akinuna, wote nyuma yake wanasimama. Na kontena halinuni, linakaa tu, huku siku za bure za kuliweka bandarini zikiisha. Baada ya hapo gharama inahesabiwa kwa siku: ya bandari, halafu ya kampuni ya meli inayotaka kontena lake lirudi. Mwenye mzigo analipa na kuongeza bei dukani. Dereva anayelipwa kwa safari hana wa kumwongezea bei, wala tanboi wake, wala kibarua aliyeamka saa kumi kwenda kupakua mzigo ambao haujatoka. Simba alipokuwa amelala, hao ndio waliokesha.

Simba mwenyewe keshastaafishwa, kuanzia 2018 nafasi yake ikachukuliwa polepole na mfumo uitwao iCMS. Mawakala bado wana lalamiko lile lile.

Hapa ndipo swali langu la ndani na nje linapata jibu. Orodha ya ps inakwambia pepo yuko hai. Haikwambii kama anahudumia. Kuna hali moja, katika orodha huandikwa D, ambapo mchakato umelala ukisubiri diski ijibu, na hata namba 9 haiuamshi. Ukihesabu wazima, umo. Ukiomba huduma, haumo.

Na wakati mwingine wote wako macho, njia ndiyo imekufa. Februari 2012 meli iliyokuwa inasubiri kuingia Kilindini ilitupa nanga pasipofaa ikakata TEAMS, kebo ya intaneti iliyofikishwa Mombasa 2009. Hakuna orodha ya kompyuta yoyote ambayo ingekuonyesha nanga. Tukumbuke pia kwamba hadi 2015 seva za M-Pesa zilikuwa Ujerumani. Mama wa Kongowea akiuza gunia la vitunguu, pesa yake ilihesabiwa na mashine iliyokuwa ng'ambo, na kama kulikuwa na mtu anayeichungulia top, hakuwa akiiona Kongowea.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Julai 2023. Serikali ilikuwa imehamishia zaidi ya huduma 5,000 kwenye eCitizen. Kikundi kilichojiita Anonymous Sudan kikaufurikia mfumo kwa maombi mengi kuliko unavyoweza kujibu. Waziri Eliud Owalo alisema hakuna data iliyopotea, na sina sababu ya kubisha. Seva zilikuwa na kazi kuliko siku zote. Ungeiangalia top ungeona juhudi tupu. Lakini kununua tokeni za stima kukawa shida, na kukata tiketi ya treni ya kwenda Nairobi kutoka Miritini kwa simu pia kukawa shida. Karai ilikuwa inachemka, wateja wa kweli hawapati kiazi.

Mafundi walishaliona hilo zamani. Mwaka 1999 Ethan Galstad, Mmarekani, alitoa programu inayobisha hodi kwenye huduma kwa kutokea nje, kama mteja, na kupiga kelele isipojibiwa. Aliiita NetSaint, mtakatifu wa mtandao. Baadaye ikawa Nagios, na ndani ya jina hilo kuna neno la Kigiriki la mtakatifu. Yaani baada ya miaka thelathini na kitu ya kulea mapepo, walimweka mtakatifu mlangoni awachunge.

Kelele za mtakatifu huyo zinaenda kwa fundi wa zamu. Wakala wa Changamwe hazimfikii. Yeye ana kikundi cha WhatsApp, na siku ambayo foleni haisogei utakuta ujumbe mmoja umeandikwa na watu kumi tofauti, kila mmoja kwa dakika yake: Imerudi?