Sana (kielezi)

Sana ni kielezi cha kiasi katika Kiswahili. Huonyesha kuwa sifa au tendo limezidi kiwango cha kawaida. Hukaa baada ya neno linalotiwa nguvu: mbali sana, alilia sana. Kiingereza hutanguliza kielezi cha namna hii mbele ya sifa.

Mjini Bunia, makao makuu ya Mkoa wa Ituri, Kiswahili huwaunganisha Wahema, Walendu, Wabira, Waalur na wengine. Hapo upatanisho wa ngeli umelegea, lakini sana imebaki imara: “Chakula iko muzuri sana.” Kando yake husikika mingi, neno linalotumika pia katika Kilingala, hata kwenye shukrani: “Aksanti mingi” huenda sambamba na “Aksanti sana”. Wanaoliita kosa wanakosea. Ni matumizi halali ya wenyeji.

Ukanushi hugeuza maana ya sana. “Si mbali sana” hupunguza umbali bila kuufuta, hivyo mgeni anayeelekezwa njia asidhani amefika. Anayetaka kukana moja kwa moja hutumia kabisa: “Hakuna maji kabisa.” Neno sana likirudiwa, sanasana humaanisha hasa, au kwa kiwango cha juu kabisa.