Makala ya siku ya Wikipedia: Nani huichagua, na kwa vigezo gani?

Na Mwandishi Wetu

KATIKA chumba cha habari cha gazeti, habari ya ukurasa wa mbele huamuliwa na kikao cha wahariri. Kikao kikimalizika, mhariri mkuu hutoa kauli ya mwisho, na asubuhi gazeti huwa mitaani.

Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni inayosomwa na mamilioni ya watu duniani, haina mhariri mkuu wala kikao cha jioni. Hata hivyo, kila siku toleo lake la Kiingereza huweka makala moja mahali pa heshima, juu kabisa ya ukurasa wake wa mbele, ikiwa na muhtasari na mara nyingi picha.

Makala hiyo hujulikana kama makala ya siku. Wanaoiandika, wanaoikagua na wanaoipangia tarehe ni watu wa kujitolea, na wengi wao hawajapata kuonana ana kwa ana. Taasisi ya Wikimedia, yenye makao yake San Francisco nchini Marekani, hugharamia mitambo ya Wikipedia, lakini haichagui makala itakayotokea.

Utaratibu huo unamhusu pia msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, ambako wanafunzi, walimu na hata waandishi wa habari huanzia Wikipedia wanapotafuta taarifa. Anayejua jinsi makala inavyofika hapo atajua aiamini kwa kiasi gani, na atajua kwa nini mada fulani huonekana mara kwa mara huku nyingine hazionekani kabisa.

Ilikoanzia

Wikipedia ilianzishwa Januari 15, 2001 na Jimmy Wales na Larry Sanger. Katika siku za mwanzo, wachangiaji walikuwa na orodha ya makala walizoona zimeandikwa kwa ufasaha wa pekee. Aliyependezwa na makala aliiongeza katika orodha hiyo, na ukaguzi wa maana haukuwapo.

Mwaka 2003 ulianza utaratibu wa kupendekeza makala na kuijadili kabla ya kuikubali. Februari 2004, ukurasa wa mbele ulipopewa sura mpya, makala ya siku ilianza kutokea.

Mwaka huo huo wachangiaji walimkubali mwenzao mmoja awe mkurugenzi wa shughuli hiyo. Kwa miaka kadhaa, mtu huyo ndiye aliyesimamia maamuzi ya kupandisha makala na ratiba ya ukurasa wa mbele. Baadaye majukumu hayo yaligawanywa, na leo yako mikononi mwa waratibu kadhaa, ambao nao ni watu wa kujitolea.

Jambo lililobadilika kuliko yote ni suala la ushahidi. Makala nyingi za miaka ya mwanzo zilipewa hadhi hiyo bila kuonyesha habari zake zilikotoka. Leo, kila kauli inayoweza kutiliwa shaka hutakiwa kuwa na tanbihi inayotaja kitabu, jarida, gazeti au chanzo kingine cha kuaminika.

Vigezo

Makala iliyofaulu huitwa makala teule, na alama yake ni nyota ndogo ya shaba kwenye kona ya ukurasa. Masharti ya kuipata nyota hiyo yameandikwa wazi.

Kwanza ni ufasaha wa lugha. Pili ni ukamilifu, yaani makala isiache jambo lolote kubwa linalohusu mada yake. Tatu ni utafiti uliopitia maandishi muhimu yaliyokwisha kuchapishwa juu ya mada hiyo.

Nne ni kutoegemea upande wowote. Tano ni utulivu: makala isiwe uwanja wa ugomvi ambako wahariri hufutiana maandishi kila siku. Zaidi ya hayo, hutazamwa mpangilio wa makala, urefu wake na uhalali wa picha zake kwa upande wa hakimiliki.

Umaarufu wa mada haumo katika masharti hayo. Makala kuhusu aina ya uyoga au sarafu ya kale inaweza kupata nyota, wakati makala kuhusu nchi nzima ikiikosa kwa kuwa hajapatikana mtu wa kuifanyia kazi ya kutosha.

Toleo la Kiingereza la Wikipedia lilivuka makala milioni saba mwaka 2025. Makala teule ni zaidi ya 6,000, sawa na takriban moja katika kila makala 1,000.

Safari ya pendekezo

Kazi huanza muda mrefu kabla ya pendekezo kuwasilishwa. Mwandishi hukusanya vitabu, majarida ya kitaaluma na magazeti ya zamani, huandika, kisha huomba wenzake waisome. Wengi huipitisha makala kwanza katika ngazi ya chini, ambako hukaguliwa na mtu mmoja asiyehusika na uandishi wake.

Ikishapendekezwa kuwa makala teule, mjadala hufunguliwa kwa kila mtu. Wakaguzi hugawana kazi bila ya kupangiwa na yeyote. Mmoja hupitia lugha sentensi kwa sentensi, mwingine huchunguza picha, na mwingine hupima ubora wa vyanzo. Kwa mtu anayependekeza makala kwa mara ya kwanza, mkaguzi hufungua baadhi ya vyanzo ili kuona kama kweli vinasema yale ambayo makala inadai.

Mkaguzi akiridhika huandika kwamba anaunga mkono, na asiporidhika huandika kwamba anapinga. Anayepinga hutakiwa kutoa sababu mahususi ambayo mwandishi anaweza kuifanyia kazi. Kusema tu kwamba mada haipendezi hakuna uzito wowote.

Mwishoni mratibu husoma mjadala wote na kuamua kama yamepatikana maafikiano. Hahesabu kura, bali hupima hoja. Makala yenye waungaji mkono wengi inaweza kukwama ikiwa hoja nzito ya mpinzani mmoja haijajibiwa.

Mjadala huo huchukua wiki kadhaa. Makala ikishindwa, kwa kawaida mwenye pendekezo husubiri wiki mbili kabla ya kurudi na pendekezo jingine. Kumbukumbu za mjadala huachwa wazi, hivyo yeyote anaweza kusoma miaka mingi baadaye ni nani alipinga na kwa hoja gani.

Kupangiwa tarehe

Nyota pekee haimpi mtu siku yake katika ukurasa wa mbele. Waratibu wa ratiba huchagua miongoni mwa makala teule, na wachangiaji wanaweza kuomba tarehe maalumu, kwa mfano kumbukumbu ya kuzaliwa kwa mtu au ya vita fulani. Waratibu hujitahidi pia kuchanganya mada, ili wiki moja isijae michezo mitupu au majeshi matupu.

Kwa kila makala huandaliwa muhtasari wa aya moja. Kanuni huutaka uwe na urefu wa kati ya herufi 925 na 1,025, nafasi zikihesabiwa, ili usivuruge mpangilio wa ukurasa. Makala iliyokwisha kutokea inaweza kurudishwa, lakini baada ya miaka kadhaa kupita.

Mtihani mgumu wa kutoegemea upande ulikuja Novemba 4, 2008, siku ya uchaguzi wa rais wa Marekani. Kumweka mgombea mmoja peke yake kungeonekana kama kumpigia debe. Siku hiyo ziliwekwa makala mbili kwa pamoja, moja ya Barack Obama na nyingine ya John McCain.

Aprili mosi nayo ina desturi yake. Huchaguliwa makala ya kweli tupu ambayo msomaji hudhani ni mzaha. Mwaka 2007 ilitokea makala ya George Washington, na wengi walitarajia kumwona rais wa kwanza wa Marekani. Aliyeelezwa alikuwa mtu mwingine mwenye jina hilo, mvumbuzi na mfanyabiashara wa kahawa ya unga inayoyeyuka. Mwaka 2009 ikawa zamu ya jumba la makumbusho la Massachusetts linalokusanya michoro mibaya.

Siku ya mtihani

Kutokea ukurasa wa mbele huleta wasomaji makumi ya maelfu kwa siku moja, na pamoja nao huja wanaochezea maandishi kwa matusi na utani. Mwandishi wa makala na wenzake hukesha wakirekebisha. Kwa miaka mingi wachangiaji walibishana kama makala ya siku ifungwe dhidi ya watumiaji wasiojiandikisha, au iachwe wazi ili mgeni aone kwamba kweli kila mtu anaweza kuhariri.

Tukio lililotikisa utaratibu wote lilitokea Oktoba 31, 2010. Makala ya siku ilimhusu Grace Sherwood, mwanamke wa Virginia aliyetuhumiwa kwa uchawi na kutoswa majini mwaka 1706 ili ijulikane kama angezama au angeelea. Siku hiyo hiyo iligundulika kwamba baadhi ya sehemu za makala zilifuata mno maneno ya vyanzo vyake, na ikaondolewa katika ukurasa wa mbele.

Fedheha hiyo iliwagusa wote, kwani makala hiyo ilikuwa imepita mikononi mwa wakaguzi. Walikuwa wametazama lugha na mpangilio, lakini hawakuwa wamelinganisha maandishi na vyanzo vya kutosha. Baada ya hapo, upekuzi wa vyanzo ulitiliwa mkazo zaidi.

Nyota huvuliwa

Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Makala nayo ikishapata nyota inaweza kuzorota. Mwandishi wake huondoka, taarifa hupitwa na wakati, na wapita njia huongeza aya zisizo na ushahidi.

Kwa sababu hiyo upo utaratibu wa kuzipitia upya makala teule. Anayeona kasoro hutoa taarifa kwanza ili wenye uwezo wazirekebishe. Wasipotokea, mjadala rasmi hufunguliwa, na nyota inaweza kuondolewa. Zaidi ya makala 1,000 zimepoteza hadhi hiyo, nyingi zikiwa za miaka ya mwanzo.

Wanaobaki nje

Pamoja na ukali wake, utaratibu huu una upungufu ambao wachangiaji wenyewe wanaukiri. Mada hufika ukurasa wa mbele pale tu mtu anapoichagua na kuitolea jasho. Wapo wapenzi wengi wa manowari, vimbunga na michezo ya video, na vikundi vyao hufanya kazi kwa pamoja kwa miaka. Ndiyo maana mada hizo hutokea mara nyingi kuliko historia ya miji mingi ya Afrika.

Sharti la vyanzo nalo hubana upande mmoja kuliko mwingine. Mwandishi wa London anayeandika kuhusu mfalme wa Uingereza ana maktaba nzima ya kuchagulia. Anayeandika kuhusu mji wa kale wa pwani ya Afrika Mashariki hukuta vitabu vichache, baadhi vikiwa ghali au havipatikani mtandaoni.

Masimulizi ya mzee anayeijua historia ya ukoo wake hayakubaliki kuwa chanzo hadi yachapishwe mahali panapoaminika. Kwa kanuni hiyo, kitabu cha historia ya mtaa, tasnifu ya chuo kikuu au ripoti ya gazeti iliyoandikwa kwa uangalifu huwa na thamani ambayo mwandishi wake huenda hakuifikiria. Kisichochapishwa hakiwezi kutajwa, na kisichoweza kutajwa hakipati nyota. Hata hivyo, lugha yenyewe si kizuizi: maandishi ya Kiswahili hukubaliwa kuwa chanzo hata katika toleo la Kiingereza, mradi yawe ya kuaminika.

Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, na leo ina maelfu mengi ya makala. Mwaka 2009 kampuni ya Google iliendesha mashindano ya kuiandikia makala, yakiwashirikisha wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki. Lakini utaratibu mzito kama wa toleo la Kiingereza unahitaji watu wengi: mwandishi mmoja hawezi kujikagua mwenyewe, na wachangiaji wa kudumu wa Kiswahili ni wachache.

Kazi ya ukaguzi haihitaji shahada wala kuandika makala nzima. Msomaji anaweza kufungua makala inayojadiliwa, akachagua sentensi moja yenye tanbihi, akatafuta kitabu kilichotajwa na kuona kama kweli kinasema hivyo. Akikuta tofauti, aiandike katika mjadala. Mwenye pendekezo atalazimika kumjibu, awe yuko Boston au Bagamoyo.