Mpaka wa Namanga na Gharama Zilizozaliwa Baada ya 1977

Mwaka 1949 idara za forodha za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa, na kwa karibu miaka thelathini mzigo wa Arusha uliokwenda Nairobi ulikuwa chini ya idara moja. Biashara haikuwa huru kabisa, kwani mkataba wa 1967 uliruhusu kodi ya kulinda viwanda vichanga, lakini forodha ilikuwa moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ilifunga mpaka wake na Kenya hadi 1983, na kila nchi ikabaki na forodha yake. Naamini chanzo cha pengo la gharama za mpakani kati ya Kenya na Tanzania kimo katika miaka iliyofuata. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2020 ilikadiria kwamba taratibu za mpakani zilimgharimu anayeuza nje kutoka Kenya dola 143 na saa 16. Wa Tanzania, dola 1,175 na saa 96.

Gharama ya nyaraka haikupishana hivyo: dola 191 Kenya, 275 Tanzania. Kwa hiyo kinachomuumiza Mtanzania zaidi si karatasi. Ni ukaguzi na upakuaji wa mzigo, na ukaguzi huongezeka kila mamlaka mpya inapopewa haki ya kufungua gunia na kutoza ada. Shirika la Viwango la Tanzania lilianzishwa 1975. Baadaye ikaja Mamlaka ya Chakula na Dawa, huku Mkemia Mkuu akihusika na kemikali na Tume ya Nguvu za Atomu ikipima mionzi katika vyakula. Kila moja ina sababu yake ya kuwepo. Tatizo ni kwamba zote zilitegemea tozo kwa mzigo uleule, na serikali yenyewe ilikiri mwingiliano huo katika mpango wake wa maboresho wa 2018. Mwaka uliofuata, kazi ya kusimamia chakula ilihamishiwa Shirika la Viwango.

Wapo watakaosema takwimu hizo haziaminiki. Ni kweli ripoti hiyo ilisitishwa mwaka 2021 baada ya kasoro kugunduliwa, lakini kasoro zilizotajwa zilihusu China, Saudi Arabia, Azerbaijan na Falme za Kiarabu. Hoja nzito zaidi ni kwamba kila nchi ilipimwa kwa bidhaa yake na njia yake, hivyo dola hizo hazilingani sawasawa. Nakubali, na nisingeapa kwa tarakimu ya mwisho. Hata hivyo, pengo la mara nane ni kubwa mno kuelezwa na tofauti ya bidhaa peke yake.

Kituo cha pamoja cha Namanga, kwenye mpaka wa Kenya na Tanzania, kilichozinduliwa Desemba 2018, kiliwaweka maafisa wa nchi mbili chini ya paa moja, lakini paa halifuti sheria inayompa kila mkaguzi ada yake. Na Kenya nayo isisifiwe kupita kiasi: wepesi wake ni kwa mzigo unaotoka. Machi 2021 ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kisha ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti cha kiwango cha sumu hiyo. Mkulima wa Tanzania aliyekwishalipia ukaguzi wa kwao akalazimika kubeba na gharama ya cheti hicho.