Nani alichora mtaa wako? (Mbeya na Iringa)

Kuna kauli naisikia sana, hasa kutoka kwa sisi tuliosoma kidogo halafu tukarudi mtaani na mabegi yetu: kwamba uswahilini watu wamejijengea hovyo tu, hawapendi mpangilio. Huwa inaniudhi. Nimepanga chumba Iringa, sasa nimepanga Mbeya, mara zote uswahilini, kwa sababu ndiko mshahara wa mwandishi wa habari unakoruhusu. Leo nataka niijibu kauli hiyo kwa historia, maana hasira pekee haitoshi.

Tuanze na Iringa. Wajerumani waliibomoa ngome ya Mkwawa pale Kalenga Oktoba 1894, kisha wakaenda kujenga boma lao juu ya kilima, kilomita chache kutoka hapo. Jina la mji wenyewe linatokana na neno la Kihehe la ngome, lilinga. Kwa hiyo Iringa ilianza kama kambi ya jeshi, na waliokuja kuishi pembeni ya kambi ni askari, wapagazi na wachuuzi, wengi wao wenye asili au tabia za pwani. Mbeya ni mdogo wake. Huo ni mji wa Waingereza, ulianza mwaka 1927 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa kule Chunya.

Miji miwili tofauti, lakini ramani ilikuwa moja. Uzunguni: viwanja vikubwa, miti, upepo. Uhindini: maduka mbele, makazi nyuma. Halafu Mwafrika anapewa panapobaki. Mbeya mpaka leo ukimwambia bajaji "nipeleke Uhindini" hakuulizi ni wapi. Iringa, ukipanda Gangilonga utaona bustani na nyumba zilizoachana, ukishuka Mlandege au Makorongoni utaona kuta zinazogusana.

Tofauti hiyo si ya tabia za watu. Serikali ya kikoloni ilimwona Mwafrika mjini kama mgeni aliyekuja kufanya kazi, kisha arudi kwao. Hakupewa hati ya miaka mingi kama Mzungu au Mhindi. Alipewa ruhusa ya muda mfupi, na karatasi ya namna hiyo haikopesheki benki. Wewe ungejenga nini kwenye kiwanja ambacho huna uhakika nacho mwakani? Ungejenga kwa udongo na miti, kitu ambacho hata kikivunjwa hutalia sana. Wakaja kusema Waafrika wanapenda nyumba za udongo.

Na nyumba yenyewe ilitoka pwani. Mnaijua: korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, nyuma kuna ua wenye jiko na choo. Kule Bagamoyo au Tanga ina akili sana, hewa inapita toka mlango wa mbele hadi uani, mchana mnakaa nje. Imekuja kupandishwa huku juu, Iringa kwenye mita 1,500 na ushee, Mbeya mita 1,700. Mwezi wa sita na wa saba kupika uani ni adhabu. Matokeo yake watu huingiza jiko la mkaa chumbani, wanafunga dirisha, wanalala. Sumu ya mkaa haina harufu. Kila mwaka baridi ikiingia lazima mtu aandike habari ya namna hiyo, na kwangu hizo ndizo habari ngumu kuliko zote, kwa sababu naandika nikijua kwamba chumba kile kinafanana na changu.

Lakini nyumba hii ina jambo moja zuri kwa maskini: inagawanyika. Mwenye nyumba anakaa vyumba viwili, vinne anapangisha. Ndiyo benki yake na ndiyo pensheni yake. Mimi nalipa shilingi 40,000 kwa mwezi, miezi sita kwa mpigo, na hapo ndipo sisi wenye mishahara ya kubahatisha tunapoumia. Luku ni moja, tunachanga. Ugomvi wetu mkubwa mwaka huu ulikuwa juu ya jirani mwenye hita ya maji. Zamu za kufagia ua na kuosha choo zimeandikwa ukutani kwa mkaa. Nilipougua, aliyeniletea uji ni mama wa chumba cha pili. Usidhani nataka kuupamba umaskini. Mama huyo huyo anajua saa ninayorudi, mgeni niliyemleta, na kwamba juzi sikupika.

Sasa turudi kwenye ramani. Sensa ya 1967 ilikuta Iringa ina watu zaidi ya 21,000 na Mbeya 12,000 hivi. Iringa ndiyo ilikuwa kaka. Sensa ya 1978 ikakuta Mbeya imevuka 75,000 na kumwacha kaka nyuma. Kilichotokea katikati ni Zambia. Ian Smith alipojitangazia uhuru Rhodesia, Novemba 1965, Zambia ilihitaji njia nyingine ya kupitishia shaba na mafuta. Yakaja malori, mengi yakiwa ya Fiat (siku hizi kila nikipita Mafiati huwa nayafikiria), ikaja lami ya TANZAM, halafu reli ya TAZARA iliyojengwa na Wachina kuanzia 1970 hadi 1975. Reli haikugusa mji wa Iringa kabisa. Hata barabara kuu inapita chini pale Ipogolo, mji umebaki kilimani. Mbeya ilipata vyote viwili, ila havikupita mji wa zamani, vilipita chini, upande wa Mwanjelwa na Iyunga. Watu wakafuata barabara, na biashara ikashuka nao. Hata majina ya mitaa yanakueleza miaka hiyo: Mbeya kuna Soweto na Ghana, Iringa kuna Frelimo.

Sasa hapa ndipo wanaosema "hovyo tu" wanapotakiwa kusikiliza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 serikali ilifuta halmashauri za miji, madaraka yakapelekwa mikoani. Zilirudishwa 1978. Yaani katika ile miaka ambayo mji wa Mbeya ulikuwa unaongezeka mara sita, kwa miaka kadhaa mji haukuwa na halmashauri yake. Nani angepima viwanja? Mwalimu mwenyewe alikuja kukiri katika mahojiano ya mwaka 1984 kwamba kufuta serikali za mitaa ni moja ya mambo ambayo asingeyarudia. Wananchi hawakusubiri akiri. Walienda kwa mwenye shamba, wakanunua kipande mbele ya balozi wa nyumba kumi, wakajenga.

Serikali ilijaribu kitu kimoja, tena kizuri. Kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kuanzia 1974 ulikuja mradi wa viwanja na huduma katika Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya, kisha awamu ya pili ikafika miji mingine, Iringa ikiwemo. Ulifanya mambo mawili. Sehemu fulani palipimwa viwanja vidogo kabla ya mtu yeyote kujenga, barabara na maji vikatangulia, kisha wananchi wakajenga wenyewe, wengine kwa mikopo ya Benki ya Nyumba (THB, ambayo ilifungwa 1995). Sehemu nyingine, ambako watu walishajenga, waliletewa barabara na mabomba katikati ya nyumba zao.

Guy Michaels wa London School of Economics na wenzake walirudi kuitazama miji hiyo, na mwaka 2021 wakachapisha walichokikuta. Miaka zaidi ya 30 baadaye, palipopimwa kabla ya ujenzi pana nyumba kubwa na bora zaidi, zimekaa kwa mstari. Kule kwingine tofauti haikuonekana. Kamba na vigingi vya mpimaji vya miaka ya 1970 bado ndivyo vinavyoamua kama gari la wagonjwa linafika mlangoni kwako au mnambeba mgonjwa kwenye blanketi hadi lami.

Ila kuna donge hapo. Mitaa iliyopimwa ikapendeza, ikapanda bei, wenye elimu na vipato wakahamia. Mtaa wa bei nafuu ukifanikiwa unaacha kuwa wa bei nafuu. Anayesukumwa anakwenda wapi? Mbeya anapanda mlimani. Aprili 2024 tope lilishuka kutoka mlima Kawetere likafunika nyumba kule Itezi, na nikasikia tena maneno yale yale, kwamba watu wanajenga hovyo.

Siku hizi neno ni urasimishaji. Kampuni zinapima mitaa iliyokwisha jengwa, wananchi wanachangia. William Lukuvi, mtu wa Ismani kule Iringa, alipokuwa Waziri wa Ardhi aliagiza gharama isizidi shilingi 150,000 kwa kiwanja. Si pesa nyingi ukilinganisha na hati. Tatizo ni kwamba barabara lazima ipite mahali, na katika mtaa uliojaa, mahali ni nyumba ya mtu.

Mtaani kwetu tumeshakaa vikao viwili. Wapangaji tunaruhusiwa kusikiliza, hatupigi kura. Mama mwenye nyumba anaitaka hati kwa moyo wote, amezeeka na anataka kuwaachia watoto kitu kinachoeleweka. Lakini mchoro ukibaki ulivyo, mita nne zinakatwa upande wa mashariki, choo kinaondoka na vyumba viwili vinaondoka. Kimoja ni cha mama aliyeniletea uji. Cha pili ni changu.