Ethosi: Hadhi au Itibari?

Wanafunzi wetu hukutana na balagha mapema, lakini wengi huishia kwenye swali la balagha, lile linaloulizwa bila kungoja jibu. Balagha ni zaidi ya hapo. Ni taaluma ya kushawishi kwa maneno, na Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja njia zake tatu: logosi, yaani hoja zenyewe, pathosi, hisia anazoamshiwa msikilizaji, na ethosi. Mbili za kwanza hazina taabu kuzifasiri. Hii ya tatu ndiyo inayosumbua.

Ukiiita hadhi ya msemaji, umempotosha Aristotle. Hadhi mtu huja nayo kabla hajafungua kinywa: cheo, ukoo, umri. Isocrates, aliyefundisha Athens zama hizo, aliithamini sana sifa hiyo ya awali. Aristotle alishikilia kwamba imani inayohusika hapa ni ile inayozaliwa na hotuba yenyewe, msemaji anapodhihirisha busara, uadilifu na nia njema. Ndiyo maana mimi nachagua itibari. Itibari hutolewa na msikilizaji, mtu hajipi.

Tazama mchezo wa Shakespeare ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri na kuuchapisha mwaka 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Brutus, mmoja wa waliomwua Kaizari, anapanda jukwaani na jina lake kubwa, anawataka Warumi wamwamini kwa heshima yake, nao wanamshangilia. Antony, rafiki wa Kaizari, anamfuata wakati umati umekwisha kusadiki kwamba Kaizari alistahili kufa. Hajikwezi, anadai hata usemaji hana (uongo mtupu!). Anakumbusha taji lililokataliwa mara tatu, analia, anawaonyesha maiti, kisha anausoma wosia: drakma 75 kwa kila raia. Hoja na hisia zimesukwa pamoja hadi wasikilizaji wanamwona ni mwenzao. Muda si mrefu Brutus anaukimbia mji.

Katika maandishi, ambako sura na sauti havipo, kazi hiyo huangukia sentensi. Anayemwandikia mhariri kulalamikia maji kisha akaanza na shahada zake, ametanguliza hadhi. Mwingine anataja tarehe bomba lilipokauka, anaeleza ankara aliyoletewa mwezi huohuo, tena anakiri kwamba mtaa wa pili mafundi walifika mapema. Huyu msomaji atamwamini hata bila kujua ni nani.